Kumvisha mpiganaji wa Lugalo: vazi la kihistoria la filamu hutengenezwaje?

Mwaka juzi nilialikwa katika kijiji kimoja mkoani Iringa kutazama filamu fupi iliyotengenezwa na vijana wa hapo. Ilihusu vita vya Wahehe na Wajerumani. Ikafika sehemu ambayo shujaa anafia mikononi mwa mama yake, na wazee waliokaa mbele wakaanza kucheka. Shujaa alikuwa amevaa kitambaa cha dukani chenye madoadoa ya chui, na alipolazwa chali zipu ikang'aa kiunoni. Mama yake alijifunga kanga yenye maandishi. Vijana wale waliigiza vizuri sana. Nguo ndizo zilizowaangusha.

Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa fundi cherehani yeyote wa Iringa, Mbeya, Njombe au Songwe anayeweza kuletewa kazi ya namna hiyo. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mpiganaji wa Mtwa Mkwawa.

Kwanza mwaka, halafu mtu

Usikate kitambaa kabla hujajua mwaka wa hadithi. Vita ya Lugalo ilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, aliuawa hapo. Ngome ya Kalenga ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai.

Kutoka Lugalo hadi kifo cha Mkwawa ni miaka 7 tu, lakini mtu yuleyule hawezi kuvaa namna ileile muda wote huo. Mwaka 1891 yuko katika jeshi linaloshinda. Mwaka 1898 amewindwa porini miezi mingi, na nguo yake imechanika na kufifia. Kwa hiyo muulize mwongozaji maswali manne: ni mwaka gani, mtu huyu ana cheo gani, anafanya kazi gani, na ni majira gani? Sisi wa Nyanda za Juu tunajua baridi ya Agosti asubuhi. Mpiganaji anayesubiri adui alfajiri amejitanda nguo, hajakaa kifua wazi kama yuko pwani.

Walivaa nini hasa?

Wengi wetu tumezoea kuona watu wa zamani wakivishwa ngozi na majani. Ngozi zilikuwepo, lakini kufikia 1891 nguo za pamba zilikuwa zimeshaingia bara kwa muda mrefu. Misafara ya biashara ilizileta kutoka pwani, ikabadilishana kwa pembe za ndovu na bidhaa nyingine.

Nguo iliyojulikana zaidi ni merikani, pamba nzito isiyopaushwa. Iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, hasa viwanda vya Massachusetts, ikipitia Zanzibar. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilivuruga biashara hiyo na nguo za kutoka kwingine zikachukua nafasi, lakini jina likabaki. Nyingine ni kaniki, nguo nyeusi-bluu iliyotiwa rangi ya nili.

Kwa Wahehe, vazi la kukumbuka ni mgolole: shuka kubwa linalopita chini ya kwapa moja na kufungwa fundo juu ya bega la upande wa pili. Halina kola, kifungo wala zipu. Mkononi mpiganaji ana mkuki na ngao ya ngozi ya ng'ombe.

Usilichukue vazi hilo ukalivalisha kila mtu wa Nyanda za Juu. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe wa wakati huo ungekuta nguo za magome ya miti na pete nzito za shaba zilizovaliwa kiunoni. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika huko mwaka huohuo wa 1891, na mavazi yakaanza kubadilika polepole. Filamu ya Rungwe ya mwaka 1890 na ya mwaka 1920 haziwezi kutumia sanduku moja la nguo.

Vitu vya kuondoa kabla kamera haijawaka

Zipu ni kitu cha karne ya 20. Vifungo vya plastiki, kitambaa cha poliesta na kandambili vilikuja baada ya hapo. Kanga zilikuwepo pwani, lakini maandishi ya Kiswahili yalianza kuwekwa juu yake baadaye. Shanga za kioo zinafaa. Za plastiki hapana. Mwigizaji avue saa na hereni, na nywele zake zisiwe na mtindo wa saluni.

Kuwa mwangalifu pia na askari wa upande wa Wajerumani. Jeshi la kikoloni la Kijerumani lilianzishwa rasmi Machi 1891, miezi michache kabla ya Lugalo. Picha nyingi za askari wake zinazosambaa kwenye simu ni za vita vya 1914 hadi 1918, yaani zaidi ya miaka 20 baadaye. Ukiziiga utakuwa umemvisha askari sare ambayo haikuwa yake. Na usikimbilie kombati za siku hizi. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi.

Wapi pa kuuliza

Nenda Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga, ambako limehifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining. Pita pia makumbusho ya Boma, Iringa mjini. Ernst Nigmann, ofisa wa Kijerumani, aliandika kitabu kizima juu ya Wahehe, kikachapishwa mwaka 1908. Kisome ukikumbuka kwamba aliyekiandika alikuwa upande wa watawala.

Kisha kaa na wazee. Usiwaulize tu "zamani mlivaaje?" Uliza bibi yake alijifungaje alipokwenda shambani, nguo ya msibani ilikuwa rangi gani, na fundo lilikaa bega lipi. Omba ruhusa, kisha rekodi kwa simu.

Kununua na kushona

Zamani nguo ilipimwa kwa mkono. Shuka moja lilikuwa mikono minne, karibu yadi 2. Mashuka mawili yaliitwa doti, yaani yadi 4. Ndiyo maana mpaka leo tukinunua kanga pea moja tunasema doti.

Kwa mpiganaji mmoja nunua mita 4 za pamba isiyopaushwa. Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa, omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kitone kigumu, hiyo iache.

Ifue kwanza kwa maji moto ili irudi kabisa kabla ya kukata. Kata vipande viwili vya mita 2, uviunganishe ubavu kwa ubavu ili upate upana wa kujitanda. Mshono ambao kamera itauona ushone kwa mkono. Cherehani itumike kwa mishono ya ndani.

Pamba mpya hung'aa mno kwenye picha. Chemsha majani mengi ya chai, ya Mufindi au ya Rungwe, yachuje, kisha tumbukiza nguo nusu saa huku ukiigeuza. Ianike kivulini. Baada ya hapo ichakaze: sugua kwa msasa sehemu ya bega, magoti na pindo, maana ndipo nguo huisha kwanza. Malizia kwa udongo wa mahali mnapopigia picha. Udongo mwekundu wa Iringa haufanani na wa Usangu.

Ndani mvalishe mwigizaji kaptula fupi ya rangi ya ngozi yake. Mwambie akimbie, aruke na aanguke mbele yako. Fundo likifunguka, lifungue kabisa na ulifunge upya mpaka likae.

Kama mhusika anajeruhiwa, tengeneza migolole mitatu inayofanana: safi, chafu na ya damu. Hizo ni mita 12. Piga picha kwa simu kabla na baada ya kila tukio, ili fundo lisihame bega kati ya tukio moja na jingine.

Ngozi ya chui: jihadhari

Mara nyingi mtu atakuambia nyumbani kwao kuna ngozi ya chui ya babu. Usiichukue. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi hiyo ni nyara ya Serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa linaloweza kukupeleka jela. Chukua ngozi ya mbuzi, uchore madoa kwa rangi. Tena, si kila mpiganaji alivaa chui. Ngozi ya namna hiyo iachie mtu mwenye cheo.

Hesabu ya mwisho

Mgolole unataka mita chache za kitambaa, majani ya chai na siku mbili za kazi. Kinachochukua muda mrefu ni kuuliza. Ukimaliza vazi, kabla ya siku ya kupiga picha, mvalishe mwigizaji umpeleke mbele ya wazee wawili watatu wa kijiji na unyamaze uwasikilize. Wakicheka hapo, bado una nafasi ya kurekebisha.