Litafanyiwa Kazi, na Nani?

Ndugu msikilizaji, Jumatatu iliyopita, tulipomaliza kikao chetu cha kupanga vipindi, kijana mmoja wa chumba cha habari aliichukua simu yake juu ya meza, akatuomba tusinyanyuke kwanza. Simu ile ilikuwa imesikiliza kikao chote. Ndani yake mna programu ya akili mnemba inayogeuza maneno kuwa maandishi, kisha ikayachambua na kutoa orodha: kazi gani imekubaliwa, nani ataifanya na lini itamalizika. Hatukungoja hata dakika mbili. Kazi zilikuwa saba. Katika nne kati ya hizo, penye nafasi ya jina la mhusika, mashine iliandika: hakutajwa.

Moja kati ya hizo nne ilikuwa yangu. Mama mmoja alitupigia simu kipindini, akaeleza kwamba mfereji wa skuli anayosoma mjukuu wake umekauka, na watoto wanabeba maji ya madumu kutoka majumbani. Shauri hilo lilipoletwa kikaoni, nilisema kwa sauti yangu mwenyewe: "Hilo litafuatiliwa." Kijana akafungua orodha za vikao viwili vya nyuma. Neno lilikuwa lile lile, sauti ile ile, na nafasi ya jina tupu vile vile. Wiki tatu, na watoto bado wanabeba madumu.

Sisemi kwamba mashine haikosei. Mwenzetu alisema atakwenda bandarini saa nne asubuhi. Yenyewe ikaandika 4:00. Mwengine alijibu "inshallah," ikaiandika kuwa ni ahadi kamili, wakati sote mezani tuliielewa kuwa ni kukataa kwa adabu. Si ajabu. Programu iitwayo Whisper, mojawapo ya zile zinazogeuza sauti kuwa maandishi, ilitolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022 baada ya kufundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na takriban theluthi mbili ya saa hizo zilikuwa za Kiingereza tu. Kiswahili inakijua kama mgeni anavyoujua mji. Lakini kwa jambo la mfereji haikukosea hata kidogo. Ilitafuta mtendaji katika maneno yangu, haikumuona, kwa sababu hakuwamo.

Mimi ni mkaazi wa Chukwani. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga kasri yake katika pwani hii. Siku hizi jina la Chukwani likitajwa redioni, wengi hufikiri Baraza la Wawakilishi. Nimekaa pale mara nyingi na kinasa sauti changu, nikisikiliza majibu ambayo nawe, msikilizaji, unayajua kwa moyo: suala hilo linafanyiwa kazi, utaratibu unaandaliwa, ombi limepokelewa. Lugha yetu ni tamu, na moja ya hazina zake ni kauli ya kutendwa. Kwa kauli hiyo jambo hutendwa na mtendaji asionekane. Nilikuwa nikiwacheka wakubwa kwa maneno hayo, kumbe nami nayasema kila Jumatatu.

Kuandika yasemwayo vikaoni si jambo jipya. Kule London, William Cobbett alianza kuchapisha mijadala ya Bunge mwaka 1803, na jina la mpiga chapa Thomas Curson Hansard, aliyeirithi kazi hiyo, ndilo linaloitwa taarifa rasmi za mabunge hadi Dodoma na hapa kwetu. Zanzibar ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926 chini ya Waingereza. Mapinduzi yakaja mwaka 1964, na mwaka 1980 likaanza Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo makarani wetu wameandika kwa muda wa kutosha. Kila ofisi inajua mpangilio wa kumbukumbu: waliohudhuria, kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu, kisha yatokanayo. Hapo penye yatokanayo ndipo mwenyekiti hutakiwa kuuliza: tulikubaliana hivi, je, imekuwaje? Nasi hupapita mbio, tukimbilie mengineyo na chai.

Historia yetu inayo mikutano iliyozaa na mikutano iliyokauka. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ikakubaliwa kwamba Kiunguja, lugha ya mji wetu huu, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano ule uliendeshwa na wakoloni, na wenye lugha hawakuwa waamuzi. Hilo lina lawama yake. Lakini tazama yaliyofuata. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikapewa katibu, Frederick Johnson. Mwaka 1939 kamusi zikatoka. Azimio lilipata mtu wa kuulizwa, na kitabu kikapatikana cha kushikwa mkononi.

Sasa tuje kwenye donda letu wenyewe. Tarehe 9 Juni 1999, CCM na CUF walitia saini muafaka baada ya mzozo wa uchaguzi wa mwaka 1995, kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Maneno yalikuwa mazuri. Mengi yalibaki karatasini. Uchaguzi wa mwaka 2000 ukavurugika, kura zikarudiwa katika majimbo 16, na Januari 2001 damu ikamwagika. Wako watu Unguja na Pemba ambao hawahitaji kuelezwa gharama ya azimio lisilotekelezwa.

Tarehe 10 Oktoba 2001 ukatiwa saini muafaka wa pili, na safari hii ikaundwa Tume ya Pamoja ya Rais ya kusimamia utekelezaji, yenye wajumbe wa pande zote mbili. Mwaka 2002 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, wapinzani wakapata nafasi katika Tume ya Uchaguzi, na likaja daftari la kudumu la wapiga kura. Je, yote yalitimia? La hasha. Uchaguzi wa mwaka 2005 nao ulizua mzozo. Hata hivyo, yale yaliyotimia ni yale yaliyokuwa na mtu wa kuyaulizia.

Jambo moja zaidi linanizuia nisiisifu mashine kupita kiasi. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana faragha Ikulu. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, zaidi ya asilimia 66 wakikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kutoka mazungumzo ya faragha mpaka kura ni miezi isiyotimia tisa. Najiuliza: lau pangekuwa na simu mezani inanasa kila neno, wawili wale wangeweza kufunguliana vifua? Sidhani. Yako maneno ambayo mtu huyasema kwa sababu tu hayaandikwi. Waliyokubaliana yalishika kwa sababu kila mmoja alimjua mwenzake wa kumuuliza, na watu nje walikuwa wanamngoja kila mmoja wao.

Basi mimi naona hivi. Chombo hiki kitumike ofisini, katika vikao vya kazi, na wote waliomo waambiwe mapema kwamba wanasikilizwa. Kitatupunguzia kazi ya kuandika, na kitatukumbusha tuliyoyasahau kwa makusudi. Orodha yake isahihishwe na binadamu anayejua kwamba saa nne asubuhi si 4:00. Lakini orodha haina aibu, wala haina uwezo wa kumtia mtu aibu. Ikikaa ndani ya simu bila ya kusomwa, itakuwa Hansard nyengine ya kabatini. Dawa ni ya zamani na haina gharama: kabla ya kufunga kikao orodha isomwe kwa sauti, kila kazi itajiwe jina na siku, na kikao kijacho kianzie hapo hapo, kwenye yatokanayo.

Na kwa kuwa mkosa wa leo ni mimi, nianze mimi. Ndugu msikilizaji, na wewe mama uliyetupigia simu, sitasema tena kwamba suala la mfereji litafuatiliwa. Jumatano hii asubuhi, saa nne yetu sisi, nakwenda mwenyewe skulini, kisha kwa wahusika wa maji. Wiki ijayo, wakati kama huu, niulizeni.