Poda ya Mtoto: Wao Waliondolewa Dukani, Sisi Tukaendelea Kujipaka

Wasee, leo si siasa na si mapenzi. Leo ni poda. Ndiyo, ile ya mtoto, yenye harufu ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

Kama umelelewa Kenya, unaijua. Kopo jeupe juu ya meza, karibu na Vaseline na kitana. Unajimwagia shingoni, kifuani, kwapani, kisha unatoka nje ukiwa na alama nyeupe kama mtu aliyepita kwenye kinu cha unga. Bodingi ilikuwa kwenye orodha ya vitu vya kubeba, na kule ilikuwa na kazi mia. Viatu vikinuka, poda. Nywele zikiwa na mafuta na siku ya kuosha iko mbali, poda. Joto la Februari, poda ndani ya chupi. Wasichana tuambiane ukweli: wengi tulifanya hivyo, na hakuna matroni aliyetukataza.

Mimi nilifundishwa na Auntie, dada mkubwa wa Mama. Tuliishi naye hapa Kileleshwa, ghorofa ya nne, enzi zile bado ungeona miti ukifungua dirisha, kabla ya kuzungukwa na ghorofa za kila upande. Kila asubuhi kabla ya kazi alijipaka poda, kila mahali, maisha yake yote. Mwaka 2019 akapatikana na saratani ya ovari. Novemba 2020 tukamzika. Wiki zake za mwisho hospitalini, Mama alimpelekea mfuko: leso, slipa, sabuni, na kopo jipya la poda.

Sisemi poda ndiyo iliyomuua. Nataka hilo lieleweke mapema. Hakuna daktari aliyetuambia hivyo, na kopo la Auntie lilibadilika jina kila mwezi kulingana na bei. Ninachosema ni kitu kingine. Mei 2020, miezi sita kabla ya mazishi yetu, kampuni ya Johnson & Johnson ilitangaza kwamba itaacha kuuza poda yake ya talki Marekani na Canada. Hizo nchi mbili tu. Kwingine duniani biashara iliendelea, na mpango wa kuimaliza kabisa mwaka 2023 ulitangazwa Agosti 2022. Mama hakujua. Mimi nilijua nikiwa nimeshaacha chuo, usiku mmoja nikitafuta mada ya video. Nilikuwa nasoma sheria, nikatoka mwaka wa pili, karo na mambo mengine. Lakini kusoma sikuacha, na hii historia nimeisoma mpaka usingizi ukanihama.

Tuanze na jiwe, kwa sababu talki ni jiwe. Ni madini laini kuliko yote, unayachimba, unayasaga, yanakuwa unga unaokausha jasho. Shida ni jirani yake. Ardhini, talki mara nyingi hukaa karibu na asbestosi, zile nyuzi zilizotengeneza paa za kijivu za majengo ya zamani. Kenya yenyewe iliiweka asbestosi kwenye orodha ya taka hatari katika kanuni za mwaka 2006. Ukivuta nyuzi zake leo, saratani inaweza kukungojea miaka 20, 30, hata 40. Kwa hivyo swali la poda lina sehemu mbili. Je, talki yenyewe ni salama? Na je, ilichimbwa bila jirani yake?

Johnson & Johnson walianza kuuza poda hiyo 1894. Talki yao ilitoka Italia, baadaye Vermont huko Marekani, baadaye China. Mwaka 1971 watafiti wa Cardiff, Wales, waliripoti kukuta chembe za talki ndani ya uvimbe wa ovari. Mwaka 1982 Daniel Cramer wa Harvard alilinganisha wanawake wenye saratani ya ovari na wasio nayo, akaona waliojipaka poda sehemu za siri walikuwa kwenye hatari zaidi. Angalia mwaka huo: 1982. Mama yangu alikuwa mtoto.

Sasa, sayansi haijakubaliana, na mtu akikwambia imekubaliana anakudanganya. Januari 2020 utafiti uliokusanya wanawake karibu 250,000 wa Marekani haukupata uhusiano ulio wazi. Julai 2024 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani kwa binadamu. Pengine. Kampuni nayo inasema hadi leo kwamba poda yake ni salama na haina asbestosi. Kwa lugha ya mtaa, ushahidi upo lakini haujafunga mjadala.

Lakini mahakamani swali lilikuwa tofauti: ukiwa na shaka kuhusu bidhaa yako, je, mnunuzi ana haki ya kuijua hiyo shaka?

Wa kwanza kufika mbali alikuwa Deane Berg, msaidizi wa daktari kutoka South Dakota, mwenye saratani ya ovari. Alipewa ofa ya dola milioni 1.3 ili kesi iishe kimya kimya. Akakataa, kwa sababu alitaka wanawake wengine wasikie. Mwaka 2013 jopo la raia wanaoamua kesi likasema kampuni ilizembea kutoa onyo. Fidia? Sufuri. Huyo mama aliondoka bila hata senti, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Februari 2016, familia ya Jacqueline Fox wa Alabama ilipewa dola milioni 72 na mahakama ya St. Louis, Missouri. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki miezi minne kabla. Mwaka uliofuata hukumu ikafutwa, si kwa sababu ya sayansi. Ilifutwa kwa sababu mtu wa Alabama hakupaswa kushtaki Missouri. Shika hiyo, nitairudia.

Julai 2018, wanawake 22 na familia zao walipewa dola bilioni 4.69. Rufaa ikapunguza hadi kama bilioni 2.1, na 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuigusa, kwa hivyo ikalipwa. Desemba 2018 shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi kutoka nyaraka za kampuni: kuanzia 1971 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, vipimo vya talki na poda vilikuta asbestosi kidogo mara kadhaa, na wasimamizi wa serikali hawakuambiwa. Oktoba 2019 wasimamizi hao, FDA, wakakuta chembe za asbestosi kwenye chupa moja, na chupa kama 33,000 zikarudishwa.

Halafu ikaja ile sarakasi iliyonifanya nicheke peke yangu saa nane usiku. Oktoba 2021 kampuni ilizaa kampuni ndogo kule Texas, ikaibebesha kesi zote za poda, na siku chache baadaye huyo mtoto akatangaza kufilisika. Manze! Ni kama baba tajiri kuandikisha madeni yake kwa jina la mtoto wa nasari. Mahakama ikakataa Januari 2023, ikisema hayuko kwenye shida ya pesa. Wakajaribu tena, ikakataliwa Julai 2023. Mara ya tatu ikakataliwa Machi 2025. Na Oktoba 2025 watu wapatao 3,000 wa Uingereza wakafungua kesi yao London.

Sasa turudi nyumbani. Unaona ninapoelekea?

Kama mwanamke wa Alabama alikataliwa kwa kushtaki Missouri, wa Kileleshwa ataanzia wapi? Hapa hapa, kwa sheria zetu, na kwa karatasi ziko vizuri kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, haki ya kupewa habari, ulinzi wa afya yake, na fidia akiumia. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi zima. Ukisoma unasema, wah, tuko sawa.

Kisha unaendelea kusoma. Kesi ya kuumizwa kwa uzembe ina miaka mitatu ya kufunguliwa. Mahakama inaweza kuongeza muda kama hukujua, lakini lazima uende kuomba, na saratani inachukua miongo. Tena wale wanawake wa Marekani wengi walikuwa na mawakili wanaolipwa asilimia wakishinda tu. Sheria yetu ya Mawakili hairuhusu mapatano ya aina hiyo. Hapa unaanza kulipa kabla hujajua kama utashinda. Mama mboga mwenye uvimbe atatoa wapi hiyo pesa? Ndiyo maana haki iliyoko kwenye Katiba inabaki hapo kwenye Katiba.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kwenye jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu watu wazima waliokuwa wakivimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi ya walioacha krimu walipata nafuu. Ulaya ikapiga marufuku zebaki kwenye vipodozi vyake 1976. Lakini sabuni zenye zebaki ziliendelea kutengenezwa huko kwa ajili ya kuuzwa nje, zikiwemo za kuletwa Afrika, mpaka sheria ya Ulaya ilipofunga mlango huo 2003. Miaka 27. Ukilinganisha, poda walitufanyia haraka: miaka mitatu tu.

Usikate tamaa lakini. Owino Uhuru, Mombasa, watu walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido na wakaazi wakaenda mahakamani 2016. Walishinda shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakapokonywa kwenye rufaa 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawarudishia ushindi wao. Miaka minane, na wengine wamekufa wakingoja. Lakini ilithibitika kwamba Wakenya wakishikana wanaweza.

Juzi nilishuka hadi duka la hapa mtaani nikasimama mbele ya rafu ya poda, nikawa nageuza makopo moja moja. Mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mengine yameandikwa wanga wa mahindi, yaani sasa hata kwapa linakula ugali. Mengine bado yameandikwa talki, kwa herufi ndogo mpaka ukaribie kulibusu kopo. Moja halikuwa na orodha yoyote.

Jioni nikamwambia Mama yote haya. Alikuwa anachambua sukuma. Akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Ningejua, singempelekea." Nikamwambia huenda isingebadilisha kitu, Auntie alikuwa ameshaugua. Akasema, "Najua. Lakini ningechagua mimi."

Hapo ndipo penye uzito. Hatudai waniambie poda inaua, maana hata wanasayansi bado wanabishana. Tunadai ile shaka waliyopewa wanawake wa Marekani tupewe na sisi, siku ile ile, ili kila mtu achague mwenyewe.

Leo usiku ukitoka kuoga, geuza kopo lako usome nyuma. Kisha mgeuzie mama yako lake.