Lugha Iliyoanzishwa Likizo ya Krismasi

Vijana wenzangu, wiki ya kwanza ya kozi ya programu pale chuo cha jamii nilitaka kuacha. Kompyuta moja, watu wanne, na kila nikiandika Python inanitolea kosa. Nikasema, aah, hii ni ya waliosoma sana. Halafu nikasoma historia yake.

Miaka ya 1980, huko Amsterdam, Uholanzi, taasisi ya utafiti ya CWI ilitengeneza lugha iitwayo ABC, ili hata asiye mtaalamu aweze kuandika programu. Ilikuwa nyepesi, lakini haikuenea, na mradi ukaishia hapo. Mmoja wa waliokuwa kwenye timu ile, Guido van Rossum, hakutupa alichojifunza. Likizo ya Krismasi ya 1989 akaanza kuandika lugha mpya kwa kuchukua mazuri ya ABC. Hata ule utaratibu wa kusogeza mistari ndani, unaotutesa sote, umetoka huko. Februari 1991 akaisambaza bure. Na jina si la chatu, ni la kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Mradi ulikufa, maarifa yakabaki. Sisi tuliokatishwa masomo na vita tunalielewa hilo.

Nikarudi darasani. Jana programu yangu ya kupanga zamu za kuchota maji imekubali. Kosa lilikuwa nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari! Wewe uliyeacha, njoo. Tutabanana.