Tabia na Hulka: Maneno Mawili na Malezi ya Ughaibuni

Katika familia za Waswahili waishio Rågsved, kusini ya Stockholm, lawama moja husikika mara kwa mara: mtoto kashika tabia za Kizungu. Mwenye huruma hujibu kwamba hiyo ndiyo hulka yake. Maneno haya hutumiwa kama kitu kimoja, na yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini hayakutoka kwenye mzizi mmoja.

Tabia ni ṭabīʿa (طبيعة), na mzizi wake una maana ya kupiga chapa au muhuri, kama ilivyopigwa sarafu. Mzizi huohuo umezaa neno matbaa. Sayyid Barghash bin Said, baada ya safari yake ya Ulaya ya mwaka 1875, alianzisha matbaa Unguja iliyochapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Hulka nayo imetokana na mzizi wa kh-l-q, yaani kuumba, pamoja na halaiki na mahuluki.

Swali la kipi huzaliwa na mtu na kipi hufunzwa ni la kale. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliandika katika Tahdhīb al-Akhlāq kwamba khuluqi ni za namna mbili: moja ya maumbile, nyingine ya mazoea na mafunzo.

Kiswahili kiligawa kazi hiyo kwa njia yake. Hulka ilibaki upande wa kuumbwa. Tabia ilisogea upande wa mwenendo, ndiyo maana twasema mtoto kafunzwa tabia njema. Hata hivyo maana ya kwanza haikufutika: tabia ya nchi, yaani mvua, jua na upepo wake, haikufunzwa na mtu. Methali zetu nazo zashindana. Moja yasema tabia ni ngozi. Nyingine, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hiyo mwanahistoria akutanapo na neno tabia katika barua ya zamani, atazame kwanza linasimama upande gani.

Kwa wazazi wa Rågsved jambo hili si la kamusi tu. Neno la Kiswidi karaktär, ambalo watoto wetu hulisikia shuleni, lilitoka Kigiriki, na huko pia lilikuwa na maana ya alama iliyochongwa au kupigwa chapa. Lugha zote mbili za mtoto zinakumbuka mkono uliopiga chapa. Tangu mageuzi ya mwaka 1977, shule za Sweden zina utaratibu wa kuwafundisha watoto wa wahamiaji lugha ya nyumbani, lakini mzazi ndiye mwenye kuomba. Kiswahili si hulka. Hakuna aliyeumbwa nacho. Tusipokisema nyumbani wala kukiombea nafasi shuleni, tusimlaumu mtoto kwa kukikosa.