Wapiga Kasia wa Venice

Gondola ni chombo cha mbao chenye urefu wa karibu mita 11, cheusi kuanzia omo hadi tezi, na kimejengwa kombo kwa makusudi. Ubavu wake wa kushoto umezidi wa kulia upana kwa sentimita 24. Mpiga kasia ni mmoja, husimama tezini, na kasia lake liko kulia tu. Pande zingekuwa sawa, chombo kingekuwa kinazunguka papo hapo. Kasia halifungwi kwa kishwara kama kwenye mashua zetu, bali huegemezwa kwenye gogo lililochongwa kwa mapindo mengi, na kila pindo lina kazi yake: kwenda mbele, kurudi nyuma, kukata kona, kusimama.

Mmoja wetu anasoma uhandisi na mwenzake anasoma historia, kwa hiyo siku zetu nne za kutalii Venice zilikuwa na mabishano kidogo kuhusu cha kutazama. Fungate yetu ilimezwa na mitihani. Safari hii ya likizo ya Pasaka ndiyo iliyokuwa fidia. Kila aliyesikia tunakwenda alituuliza swali moja tu: mtapanda gondola? Gondola siku hizi inauzwa kama chombo cha wapendanao, nusu saa euro 90 mchana, na bei hiyo imepangwa na mji wenyewe. Tulipiga hesabu ya chakula cha wiki tukaghairi. Badala yake tulipanda traghetto, gondola pana ya kuvusha watu kutoka upande mmoja wa Mfereji Mkuu hadi mwingine, euro 2 kwa kichwa, dakika mbili au tatu, wapiga kasia wawili. Wenyeji wanatoka sokoni na mifuko yao, wanavuka, wanakwenda zao. Tuliipenda kuliko tulivyotarajia, na ndiyo iliyotufanya tuanze kuulizana habari za kazi yenyewe: ni nani aliyekuwa akipiga kasia zamani, mji huu ulipokuwa dola?

Jibu moja limetundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Accademia. Mnamo miaka ya 1490 mchoraji Vittore Carpaccio alichora picha kubwa ya muujiza uliosemekana kutokea karibu na daraja la Rialto. Daraja la wakati huo lilikuwa la mbao, na sehemu yake ya katikati iliweza kuinuliwa ili milingoti ipite. Muujiza wenyewe Carpaccio ameusukuma juu kushoto, mtu asipoambiwa hauoni. Nafasi kubwa ameupa mfereji, na mfereji umejaa gondola. Mbele kabisa, mahali ambapo jicho linaangukia kwanza, kuna kijana mweusi amesimama kwenye gondola na kasia mkononi. Amevaa kofia nyekundu yenye unyoya na mavazi ya kubana ya vijana wa mjini. Hakuwekwa pembeni. Yuko kazini, na anaijua kazi yake.

Katika jumba hilo hilo kuna picha ya Gentile Bellini ya mwaka 1500, kutoka mfululizo uleule uliochorwa kwa ajili ya chama cha kidini cha San Giovanni Evangelista. Msalaba umeanguka mfereji wa San Lorenzo na watu wanaogelea kuutafuta. Upande wa kulia, kwenye ngazi ya mbao, mwanamume mweusi karibu yu uchi, ameinama tayari kujirusha majini. Wageni waliokuwa chumbani siku ile walikuwa wakiwatazama watawa wenye majoho meupe. Tulisimama mbele ya yule mtu mpaka mlinzi akaanza kutuangalia.

Watu hawa walifikaje? Venice ilikuwa soko la watumwa kwa karne nyingi. Kwa muda mrefu wengi waliouzwa humo walitoka pwani za Bahari Nyeusi: Watatari, Waserkasi, Warusi. Waturuki walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453, njia ile ilibana, na idadi ya Waafrika ikaongezeka, wakija kupitia Afrika Kaskazini na baadaye kupitia biashara ya Wareno. Mwaka 1491 Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantova, alimwandikia wakala wake Venice amtafutie mtoto wa kike mweusi mwenye umri kati ya mwaka mmoja na nusu na minne, na mweusi kadiri iwezekanavyo. Barua hiyo ipo. Mama huyo husifiwa vitabuni kama mlezi mkuu wa sanaa za Italia, na sifa hizo anastahili, lakini anayezisoma aisome na barua.

Mwanahistoria Kate Lowe, aliyechimbua nyaraka za Venice, ameonyesha kwamba wapiga gondola weusi wa kwenye picha hawakuwa pambo la mchoraji. Walikuwepo. Familia tajiri zilikuwa na gondola zao na watumwa wa kuzipiga kasia. Mtumwa akiachwa huru, mara nyingi kwa wasia wa bwana wake, alibaki na ujuzi ule mikononi, na baadhi yao waliendelea na kazi hiyohiyo wakiwa huru, hata kwenye vituo vya kuvusha watu ambavyo vilikuwa na vyama vyake vya wafanyakazi. Sisi tunaosomeshwa habari za watumwa kama watu wa mashamba na migodi tu, tunahitaji kumweka na huyu katika picha: mtumwa wa mjini, anayejua kila uchochoro wa maji, anayesikia siri zote za abiria wake. Uhuru wake ulikuwa mdogo, na hatupendi kuupamba. Lakini kasia lilimpa riziki ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kirahisi.

Karne mbili baadaye sura inabadilika. Katika kanisa la Frari, ambako wageni huingia kutazama mchoro wa Titian juu ya madhabahu, kuna kaburi la mtawala Giovanni Pesaro lililokamilika mwaka 1669. Lilibuniwa na Baldassare Longhena, na sanamu zikachongwa na Melchior Barthel. Waafrika wanne wakubwa mno wa marumaru nyeusi wamebeba jengo zima kwa vichwa na mabega. Nguo zao ni marumaru nyeupe, nazo zimechongwa zikiwa zimechanika magotini ili weusi wa ngozi utokeze. Mwenzangu wa uhandisi alianza kueleza uzito unavyoshuka kupitia nguzo zile, akanyamaza katikati ya sentensi. Kijana wa Carpaccio ana kazi na ana kofia yenye unyoya. Hawa wana mzigo tu. Mabwana waliolipia kaburi lile walijua wanachotaka kionekane.

Hata salamu ya mji ina habari hizi ndani yake. “Ciao” ambayo dunia nzima inaitamka bila kufikiri ilitoka kwenye Kivenice, s-ciavo, yaani “mtumwa wako.” Mtu alijishusha mbele ya mwenziwe kwa adabu, kama sisi tunavyosema shikamoo, ambayo husimuliwa kuwa ni kushika miguu ya mkubwa. Na neno lenyewe la mtumwa lilitokana na jina la Waslavi, kwa sababu hao ndio waliokuwa wakiuzwa zaidi lilipozaliwa. Ciao haina marahaba, hilo ndilo lililotushinda kulizoea.

Habari za Vasco da Gama, rubani wa Malindi na pilipili zilizokwepa Venice tunamwachia mwanachama mwingine, zinataka makala yake. Lakini hatuwezi kuondoka bila kupita Murano, kisiwa ambacho tanuri za kioo zilihamishiwa mwaka 1291. Huko ndiko tulikokutana na pwani yetu bila kuitafuta. Ushanga uliopita Unguja na Bagamoyo katika karne ya 19, ukabebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, sehemu yake kubwa ulitoka Venice. Ulikuwa fedha ya njiani: ulinunua chakula, ulilipa ushuru wa machifu, ulinunua pembe. Ulinunua na watu. Richard Burton aliandika kwamba Unguja walijua aina za ushanga zipatazo 400, na msafara uliochukua rangi isiyotakiwa katika nchi fulani ungeweza kulala njaa huko na mizigo yake mabegani. Ule mwekundu, samisami, ulipendwa kuliko yote.

Kabla ya kusafirishwa, ushanga huo ulitungwa kwenye nyuzi na wanawake maskini wa Venice waliokaa milangoni mwao na visahani vya mbao mapajani. Waliitwa impiraresse. Ujira wao ulikuwa mdogo kiasi kwamba mwaka 1904 waligoma. Mikono yao iliugusa kila mshipi wa ushanga kabla ya mikono ya bibi zetu, na sidhani kama upande wowote ulikuwa na habari na mwenzake.

Tulinunua uzi mmoja mwekundu, wa kisasa, kwenye duka dogo nyuma ya makumbusho ya kioo. Muuzaji alituuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia, alifungua droo, akatoa punje tatu za zamani, akatuonyesha kwenye kiganja, akazirudisha. Hizo, alisema, haziuzwi.