Tarehe 30 Juni Ugenini



Kila mwaka, tarehe 30 Juni inapokaribia, jamaa zetu walioko Ulaya hukabiliwa na swali lile lile: je, yafaa kushangilia uhuru wa nchi ambayo watu wake wa mashariki wangali wakizikana? Wengine hukodi ukumbi, hupika sombe na makayabu, hucheza rumba mpaka usiku wa manane. Wengine hukataa kabisa, wakisema kwamba penye matanga hapachezwi ngoma. Kila upande unao watu wanaoipenda nchi yao, na kwa sababu hiyo ubishi wao huwa mkali.

Tukumbuke kwanza kwamba sikukuu hii ina mguu mmoja ugenini tangu mwanzo wake. Tarehe yenyewe haikukatwa Leopoldville. Ilikatwa Brussels, katika mkutano wa Meza ya Mviringo ulioanza tarehe 20 Januari 1960. Patrice Lumumba alitolewa katika gereza la Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akapelekwa huko kwa ndege. Na tarehe 27 Januari ikakubaliwa kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni. Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz walikuwapo Brussels, na huko ndiko ulikotungwa wimbo Indépendance Cha Cha. Hivyo watu waliucheza uhuru wetu katika baridi ya Ubelgiji miezi mitano kabla haujafika. Wimbo huo wawataja viongozi na vyama vyao kana kwamba watakaa pamoja daima. Mwaka ule haukuisha, wakawa wanatiana gerezani.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukaharibiwa usipate kaburi. Kwa muda mrefu Wakongomani wa Brussels walidai jina lake liwekwe mahali pa wazi, na tarehe 30 Juni 2018 uwanja wenye jina lake ulifunguliwa kando ya Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliikabidhi familia yake jino moja, ndilo pekee lililosalia. Jino hilo lilizikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huo. Sikukuu ya uhuru ikawa siku ya maziko, wala sijasikia mtu akisema kwamba haikuadhimishwa.

Siku tatu baadaye, Jumapili tarehe 3 Julai, Wakongomani waishio Roma waliingia katika Basilika la Mtakatifu Petro. Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa ameahirisha safari yake ya kuja kwetu kwa sababu ya maumivu ya goti. Basi akaadhimisha nao Misa kwa utaratibu wetu, ule uliokubaliwa na Roma mwaka 1988. Ngoma zilipigwa na waamini walicheza, mahali ambapo zamani hakuna aliyedhani jambo hilo litawezekana.

Kwa maoni yangu, utaratibu huo wa Misa unalijibu swali la ndugu zetu vizuri kuliko hotuba za ukumbini. Mwanzoni watakatifu huitwa, na pamoja nao wahenga wetu wenye moyo mnyofu. Wafu hawaachwi nje ya mlango wa furaha. Kisha Neno husomwa na kufafanuliwa. Toba haiji mwanzoni kama katika Misa ya Kiroma, bali baada ya Neno kusikilizwa, na mara baada ya toba watu hupeana amani. Ndipo sadaka huletwa kwa ngoma. Matanga na ngoma vimo ndani ya Misa moja, kila kimoja kwa zamu yake. Anayekodi ukumbi tarehe 30 Juni angeweza kuufuata mpango huo: kuwataja waliouawa, kusikiliza habari za Kivu na Ituri, kupatanisha walioacha kusalimiana kwa sababu ya siasa, kuchangia wakimbizi, halafu kula na kucheza. Anayebaki nyumbani kwa huzuni angeweza kualikwa kwa ile saa ya kwanza.

Jumapili ile ile ya Roma, Kardinali Parolin, aliyetumwa na Papa, alikuwa Kinshasa akiadhimisha Misa mbele ya umati. Papa mwenyewe alifika tarehe 31 Januari 2023, na kesho yake akasali nasi Ndolo.