Uzee wa Bwawa Dogo: Kelly Barnes, Georgia, 1899–1977

Sehemu hii inachunguza bwawa moja ambalo lisingepata nafasi katika historia ya uhandisi kama lisingevunjika. Bwawa la Kelly Barnes lilijengwa kwenye kijito cha Toccoa, kaskazini mashariki mwa jimbo la Georgia nchini Marekani, juu ya maporomoko yenye urefu wa takriban mita 57. Tuta lake lilikuwa na kimo cha mita 12 hivi na urefu wa mita 120 hivi. Kwa kipimo cha mabwawa makubwa ya karne ya 20, hilo ni lambo tu. Hoja yangu ni kwamba udogo huo ndio ulioliondoa machoni mwa watu waliopaswa kulitazama, na kwamba uzee wake haukuwa wa udongo peke yake. Kumbukumbu nazo zilichakaa.

Bwawa hili halikujengwa mara moja. Mwaka 1899 palitengenezwa kizuizi cha magogo yaliyofungamanishwa na kujazwa mawe, ili maji yaendeshe mtambo mdogo wa umeme. Mwaka 1937 chuo cha Biblia kilichokuwa chini ya maporomoko kiliamua kukitumia kituo hicho, na tuta la udongo likajengwa juu ya kizuizi cha zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili tuta hilo liliongezwa kimo tena. Kila kizazi, basi, kilijenga juu ya kazi ya kizazi kilichotangulia bila kuifumua, na magogo ya 1899 yakabaki tumboni mwa tuta. Mwaka 1957 uzalishaji wa umeme ulikoma, na tangu hapo ziwa likawa mahali pa burudani.

Mwaka huo wa 1957, kwa maoni yangu, una uzito kuliko unavyopewa kwa kawaida. Bwawa linalozalisha umeme lina mtu wa kulishughulikia kila siku: anafungua maji, anasikiliza mtambo, anajua bomba lipi linavuja. Umeme ulipokoma, kazi hiyo nayo ilikoma, lakini maji yalibaki. Kwa miaka 20 tuta lilishikilia ziwa ambalo halikuwa na shughuli iliyomlazimu mtu kulikagua. Miti iliota kwenye mteremko wa upande wa chini, ambao ulikuwa mkali mno kwa tuta la udongo. Mwaka 1973 sehemu ya mteremko huo iliporomoka. Tukio hilo lilipaswa kusomwa kama onyo, lakini tuta liliendelea kubeba maji kama awali.

Mwanzoni mwa Novemba 1977 mvua ilinyesha kwa siku kadhaa, na jioni ya tarehe 5 ikazidi. Yapata saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6, tuta lilivunjika. Maji yaliyokadiriwa kuwa mita za ujazo 780,000 yalishuka kupitia maporomoko hadi kwenye eneo la chuo. Mtiririko ulifikia takriban mita za ujazo 680 kwa sekunde. Mabweni, nyumba na makazi ya matrela walimoishi wanafunzi wenye familia yalipigwa wakazi wakiwa usingizini. Watu 39 walikufa, wakiwamo watoto.

Bodi ya serikali kuu iliyochunguza maafa haikuwa na michoro ya ujenzi wala hesabu za usanifu za kuifanyia kazi. Ililazimika kuliunda upya bwawa hilo kutokana na picha za zamani, mahojiano na mabaki ya tuta. Haikutaja chanzo kimoja. Ilizungumzia mambo yaliyoweza kushirikiana: mporomoko wa mteremko mkali, maji kupenya ndani ya tuta na kubeba udongo, na uwezekano wa kuporomoka kwa bomba la zamani la kutolea maji. Wapo watakaoona hitimisho hilo kuwa la kukwepa. Mimi naliona kuwa la kweli zaidi, maana bwawa lililojengwa kwa tabaka za vizazi vitatu haliwajibiki kufa kwa ugonjwa mmoja.

Kosa halikuwa ukosefu wa sheria ya shirikisho. Mwaka 1972, baada ya maafa ya Buffalo Creek huko West Virginia kuua watu 125, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ukaguzi wa mabwawa, na Kelly Barnes lilitimiza vipimo vyake. Jeshi la wahandisi liliandaa orodha ya mabwawa, lakini fedha za kuyakagua hazikutolewa. Kuorodhesha kulichukua nafasi ya kutazama. Baada ya Toccoa ndipo Rais Jimmy Carter, aliyewahi kuwa gavana wa Georgia, alipoamuru ukaguzi uanze. Hadi ulipomalizika mwaka 1981, mabwawa takriban 8,800 yasiyo ya serikali kuu yalikuwa yamekaguliwa, na karibu theluthi moja yakaonekana si salama. Georgia yenyewe ilipata sheria yake ya usalama wa mabwawa mwaka 1978.

Umuhimu wa kisa hiki kwa Afrika Mashariki unaonekana Solai, katika Kaunti ya Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua za masika, tuta la udongo katika shamba la watu binafsi lilivunjika na kuua watu wasiopungua 47. Hapo napo maji yaliwakuta watu usiku, na hapo napo bwawa lilikuwa dogo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya ilieleza kwamba halikuwa na kibali. Seneti iliunda kamati maalumu ya uchunguzi, na ushahidi uliotolewa mbele ya kamati hiyo ndimo sura inayofuata inapoanzia.